Maswali ya Wasomaji: Vigingi vya barabara vimeingia shamba letu mara tatu

SWALI: Asalaam alaykum Mwalimu, na shikamoo. Mie mkaazi wa Mtambile huku Pemba. Ile barabara yetu ya Chake–Mkoani tokea niko skuli naskia inapimwa. Walikuja watu na vigingi vyekundu wakavigonga ukingoni mwa shamba la marehemu babu, tukaambiwa tusipande kitu, wakenda zao. Miaka ikapita wakaja wengine, vigingi vyao hatua kama kumi ndani zaidi, na hawa wakahesabu na mikarafuu, 14, kila mmoja wakaupiga namba ya rangi kwenye shina. Alafu wakaja wa tatu, hata zile namba hawakuziangalia. Bimkubwa anauliza hawa watu kwani hawajuani? Na mikarafuu ikikatwa analipwa nani, mana shamba la ukoo lakini mitano katika hio kaiotesha ami yangu kwa mikono yake?

JAWABU: Wa alaykum salaam, marahaba mwanangu. Msalimie sana bimkubwa, na mwambie kweli, mara nyingi hawajuani.

Wa mwanzo huwa wamekuja kwa upembuzi yakinifu, yani suala lao moja tu, barabara hii ikijengwa italipa au hailipi na ipite wapi. Vigingi vyao vya kukisia. Wa pili ni wa usanifu wa kina, hawa ndo wanaochimba vishimo kupima udongo, wanaopanga kalvati, yani njia za maji chini ya barabara, zikae wapi na mitaro iteremke wapi, na ndo wanaohesabu miti. Wa tatu aghlabu ni wa mkandarasi au wa mshauri mwelekezi, yule anaemsimamia mkandarasi, wanaohakiki, na wao humuamini fundi aliewatangulia kama fundi nguo anavomuamini mwenzake, yani hawamuamini.

Katikati hapo ndo pesa inapotafutwa na ndo miaka inapokwendea. Barabara yenu ni kilomita 43.5, sio kichochoro, ukitaka kuijenga ya kisasa unakopa nje, na mkopo wa nje wa Zanzibar unapitia kwa Serikali ya Muungano mana yeye ndo mdhamini, alafu mkopeshaji nae ana masharti yake, anataka tathmini ya mazingira, anataka kuona watu watakaohamishwa wamelipwa vipi, na akijitoa huyo ukaenda kwa mwengine unaanza karibu upya. Huku nyuma gari zimeongezeka, watu wamejenga nyumba pale pale palipopimwa, bei ya lami imepanda, kwaiyo ile michoro ya zamani imeshakuwa karatasi ya kufungia kashata.

Sasa zile hatua kumi. Hebu nambie, shamba lenu liko upande wa ndani wa kona? Nabashiri ndio. Pemba ni vilima na mabonde matupu, barabara za zamani zimefata mgongo wa kilima zikajipinda kama nyoka, hazikutaka kukata mlima wala kujaza bonde la mpunga. Gari ya leo inakwenda mbio zaidi, na kadri mwendo unavopanda kona inatakiwa iwe pana zaidi, na kona huitanui bila kulila shamba la alie ndani yake. Hio ni hesabu tu, hakuna aliewakusudia.

Kuna jambo jengine mie huwa linanikera, kuhesabu magari. Wanakaa vijana barabarani na madaftari siku kadhaa, kila gari wanatia kijistari. Ukihesabu wakati hakuna karafuu utaona daladala na vespa. Njoo msimu wa karafuu uone magari ya mizigo yanavoteremka bandarini Mkoani! Na uzito ndo unaoua barabara, ekseli, yani chuma kinachobeba magurudumu, ikibeba mara mbili ya mwenzake haiichoshi lami mara mbili, inaichosha kama mara 16. Msimu usipohesabiwa, lami inapangwa nyembamba.

Tuje kwenye fidia. Hapa kwetu ardhi ni ya serikali tokea baada ya Mapinduzi, raia ana haki ya kuitumia, na mti unaweza kuwa na mwenyewe mbali na mwenye shamba, kila Mpemba analijua hilo. Lakini mpimaji asieambiwa ataandika jina moja tu, la yule aliemkuta na panga mkononi siku ile. Msikubali fomu isemayo "mikarafuu 14" basi. Mitano iandikwe jina la ami, tisa ya ukoo, na umri wa kila mti, mana mkarafuu unakaa miaka sita mpaka nane ndo uanze kuzaa, mche wa juzi na mti unaoparamiwa kwa ngazi havilipwi sawa. Sheha, mkuu wa shehia yenu, awepo. Piga picha kila shina na namba yake, simu unayo. Na mpimaji mumuulize tarehe ya mwisho ya hesabu ni ipi, kitakachopandwa baada ya hapo kwa kawaida hakilipwi.

SWALI: Mwalimu mie dereva, ruti yangu Makunduchi. Yale matuta ya barabarani pale msitu wa Jozani yanatumalizia springi, kwani wakati wa kupanga barabara hawakuyafikiria?

JAWABU: Hawakuyafikiria, wewe umesema kweli. Lami laini ilitiwa pale 1996, gari zikaanza kuruka, na kima punju, ambae duniani kote asili yake ni hapa Unguja tu, wakawa wanakanyagwa, watafiti walikisia mmoja kila wiki mbili tatu. Matuta manne yakaja baadae na vifo vikapungua sana, ingawa havijesha. Kwaiyo hilo tuta ni kitu kilichosahauliwa kwenye mchoro kikaja kutiwa barabarani. Springi nunua ngumu kidogo, na ukimuona kima kakaa ukingoni peke yake usikanyage mafuta, wenzake bado wako upande wa pili.