Picha za Dania kutoka bluu tupu: jibu kwa aliyeuliza

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini picha zako zote za meli ya Dania zimetoka bluu, zimejaa madoa meupe kama vumbi, na kamera umenunua nzuri. Kamera haina kosa. Unapiga ukiwa mbali mno.

Dania ilizamishwa makusudi mwaka 2002, upande wa kaskazini wa Mombasa, ili samaki wapate makao. Imelala kwenye kina cha karibu mita 30, na huko rangi nyekundu haifiki. Maji huimeza katika mita chache za mwanzo. Matumbawe laini yaliyoota pale utayaona ya kijivu, lakini yamulike tochi tu, yanawaka kama khanga mpya. Kwa hiyo jua lako ni flashi, na mwanga wake hauendi mbali. Kitu kikiwa zaidi ya mita moja hivi, rangi zimeshaanza kupotea. Yale madoa ni chembe za mchanga na vijidudu vilivyo kati yako na samaki. Zitanue flashi kulia na kushoto mwa kamera, zisimulike maji yaliyo mbele ya lenzi.

Mimi safari tatu nilihangaika na meli nzima, nikaambulia kivuli. Ya nne nikatulia mbele ya tundu moja ubavuni, anamokaa mkunga, samaki mrefu kama nyoka. Aliponiona akarudi ndani. Nikapumua polepole bila kusogea. Baadaye akatoa kichwa, akaachama, na kamba mdogo mwenye mstari mweupe mgongoni akaingia kinywani kumsafisha meno. Kule chini niliona mstari tu. Niliporudi mashuani na kutazama picha ndipo nikajua yule kamba ni mwekundu, mwekundu kabisa! Naipenda picha ile kuliko zote nilizowahi kupiga.

Kwenye mita 30 una takriban dakika 20, na hewa ya mtungi inaisha haraka mara nne kuliko ukiwa juu ya maji. Amua kabla hujaruka majini unamfuata nani: mkunga, chewa au kundi la samaki aina ya mbono.

Na tafadhali, jifunze kwanza kuelea bila kushika kitu. Nimeona mtu akipiga goti juu ya tumbawe apate picha, likakatika. Iliniuma sana.

Nenda wakati wa kaskazi, Januari au Februari, maji yakiwa maangavu. Kusi ikianza, mchanga utakusumbua hata ukikaribia.