Jiko la kuni la kujengea ukutani: anza na dohani

Waalaykumu ssalaam ndugu yangu. Swali lako nimelisoma. Unamjengea mama jiko jipya huko Konde, Pemba, kuta za tofali za saruji, paa la mabati, na umeona picha za yale majiko ya chuma ya Ulaya yenye mlango wa kioo, yanayochomekwa ndani ya ukuta. Unauliza ununue la namna ile, umwite fundi wa kuchomea akutengenezee hapa hapa, au ujenge la udongo. Na bomba la moshi litokee wapi. Umesema pia kwamba mama ana pumu, na hilo ndilo lililonifanya nikae niandike kwa urefu. Kwetu, upande wa Chake, tuna jiko la kuni lililojengewa ukutani, na nimesimamia mengine kwa jamaa zetu wa Wete na Jambiani.

Kwa ufupi: jiko lenyewe liache mwisho. Panga dohani, yaani bomba la moshi, kwanza, kisha banda la kuni, ndipo uchague jiko. Watu wengi wanafanya kinyume, fedha zote zinaishia kwenye jiko zuri, bomba linafungwa la kuokoteza, na moshi unabaki ndani kama zamani.

Yale ya Ulaya yaache. Kule nyumba nyingi za zamani zina meko ya wazi ukutani. Moto unawaka, lakini joto jingi linapanda juu na moshi na chumba kinabaki baridi. Ndipo likabuniwa sanduku la chuma la kuchomekwa ndani ya meko hayo, lenye mlango na matundu ya kupimia hewa, ili chuma kishike joto na kulimwaga chumbani. Kwa baridi yao ni kitu kizuri sana. Sasa wewe Konde, joto la chumbani la nini? Mama anataka joto liende kwenye sufuria, na mengi ya majiko yale hata pahala pa kuteleka sufuria hayana.

Tuje kwenye dohani. Moshi hutoka ukivutwa. Hewa ya moto ni nyepesi, hupanda. Ikipanda ndani ya bomba, hewa baridi huingia kwa mdomo wa jiko kujaza nafasi yake. Bomba refu lililosimama wima huvuta sana. Kila kona unayolikunja inakula mvuto huo, kwa hiyo zisizidi mbili, na zikunjwe kwa ulalo, si kwa pembe mraba. Upana wa inchi 6 unatosha jiko la familia. Bomba la inchi 6 lina nafasi ya ndani ya karibu sentimita za mraba 180, basi na mdomo wa kutilia kuni uwe na nafasi hiyo hiyo, tuseme sentimita 13 kwa 14. Mdomo ukiwa mkubwa kuliko bomba, moshi hurudi kwa urahisi usoni kwa mpishi. Hapa ndipo mafundi wetu wengi wanapoharibu, kwa sababu mwenye nyumba anataka mdomo mkubwa apate kutia gogo zima.

Na lipi linaloharibu zaidi ya hilo? Kulitoa bomba ubavuni, chini ya upenu, likaishia hapo. Mwezi wa Januari jiko linafanya kazi, kila mtu anasifu. Ukiingia msimu wa kusi, upepo unapiga upande ule, moshi wote unarejeshwa ndani na mama anafungua milango. Sisi tunaishi na pepo mbili, kaskazi na kusi, na bomba lazima livumilie zote mbili. Njia ni kulipandisha juu ya paa. Kanuni ya wajenzi wa dohani ni kwamba bomba lipite futi 3 juu ya pale linapotoboa paa, na liwe juu kwa futi 2 kuliko kitu chochote kilicho ndani ya futi 10 kutoka lilipo, uwe ni mgongo wa paa au ukuta wa jirani. Kwa hiyo ukiliweka jiko karibu na katikati ya nyumba ya jiko, bomba litatoboa karibu na mgongo na hutahitaji kipande kirefu kinachosimama peke yake kikiyumbishwa na upepo. Tazama na miti: muembe mkubwa ulioegemea paa huvunja upepo na kuuangusha chini, juu ya bomba lako. Kofia ya mvua iwekwe, maana masika ya Pemba hayana mzaha, lakini iachwe juu kiasi cha upana wa bomba, isije ikaziba njia.

Paa lako ni la mabati, alhamdulillahi. Kwa paa la makuti singekushauri bomba lipite juu hata kidogo. Lakini chini ya mabati kuna mbao, na bomba la chuma la tabaka moja linataka kuwa mbali na mbao kwa sentimita 45. Mbao ikiwa karibu zaidi ya hapo, ikatwe na kufungwa upya. Pale linapotoboa bati, livalishe bomba jengine pana zaidi kwa nje, libaki pengo la hewa kati yao. Hili usilifanyie ubakhili.

Chuma chenyewe ni kipi? Sisi tumezungukwa na bahari, na hewa ya chumvi inakula kila kitu. Bomba jepesi la bati lililopakwa zinki linang'ara dukani, lakini la kwetu la mwanzo, tulilouziwa kwa maneno matamu kwamba ni la maisha, lilitoboka hata miaka miwili haijafika. Zaidi ya kutu, zinki karibu na moto mkali hutoa mvuke unaodhuru kifua, na wewe una mgonjwa wa pumu. Kwa hiyo sehemu ya chini, inayopokea moto, iwe chuma cheusi kinene. Ya juu ya paa, ukijaaliwa, iwe chuma kisichoshika kutu. Na chini ya bomba, pale linapoungana na jiko, liachie tawi lenye kifuniko, la kutolea masizi.

Sasa jiko. La chuma la fundi wa kuchomea lina faida: linakuja tayari na unaweza kulihamisha. Ukilichagua, bamba liwe la milimita 4 kwenda juu, la chini ya hapo litajikunja. Na lisibanwe na saruji. Chuma kikipata moto hutanuka, na kikikosa pa kutanukia kitaupasua ukuta. Acha nafasi ya vidole viwili kila upande, ujaze majivu makavu yaliyochekechwa. Majivu hayapitishi joto kwa urahisi, na hayanunuliwi.

Mimi kwa mama nimechagua la udongo, na kwako nashauri hilo hilo, lakini udongo una ujuzi wake. Saruji isiguse moto. Ikipata joto kali mfululizo inakufa nguvu na kumomonyoka. Na jambo kubwa kuliko yote, hasa kwa wenzetu wa Unguja mashariki na Makunduchi ambako chini ni maweni matupu: usijenge chumba cha moto kwa mawe ya matumbawe. Fikiria tanuri la chokaa linavyopangwa, mawe hayo hayo juu ya magogo, likatiwa moto. Jiwe la matumbawe likichomwa sana linageuka chokaa, na likipata maji linavimba na kuanguka unga. Jamaa wa Jambiani alikuwa na fundi aliyekwisha yapanga mawe vizuri kabisa. Tukayapangua, tukaleta udongo kwa gari. Kuta za nje ziwe za mawe, hakuna ubaya. Ndani, panapowaka, pawe na udongo au matofali ya kuchoma.

Kwa Konde udongo hautakushinda. Kinamo, udongo wa mfinyanzi wa mabondeni, kinashikana lakini kikikauka peke yake hupasuka vibaya, kwa hiyo kinataka mchanga mwingi. Usichukue mchanga wa pwani, una chumvi na vipande vya makombe. Uwiano usiuchukue kwangu. Udongo wa bonde moja si wa bonde jengine. Fanya vitofali vidogo, kimoja mchanga mara mbili ya udongo, kimoja mara tatu, kimoja mara nne, uvianike kivulini. Kisichopasuka na kisichomeguka ukikikwaruza kwa ukucha, ndicho. Tia na nyuzi za makumbi ya nazi zilizokatwa fupi fupi, zinafunga udongo usiachane wakati unakauka.

Chumba cha moto kisiwe kipana. Kuni zinaingia kwa ubavu, moto unakata kona na kupanda wima sentimita 30 hivi kabla ya kugusa sufuria, ndani ya njia nyembamba iliyozungukwa na majivu. Njia hiyo ikipata moto sana, moshi unaungua humo humo kabla haujafika juu, na moshi ulioungua ni joto la bure. Weka na kichanja cha nondo chini ya kuni ili hewa ipite chini yake. Hewa inayopita juu ya kuni inapoza moto tu. Sufuria izame kidogo, na kati ya ubavu wake na udongo kubaki unene wa kidole. Kwa hapo joto linailamba sufuria pembeni pia. Tundu la pili, dogo, lije nyuma yake kwenye njia ya kuelekea bomba. Halitachemsha maharage lakini chai itabaki moto tangu alfajiri.

Likisha kujengwa lisitiwe moto mkali. Liachwe wiki mbili au tatu, kisha moto mdogo wa vijiti kila siku, kidogo kidogo. Ndiyo maana kazi hii ifanywe kaskazi, kabla ya masika. Nyufa ndogo ni kawaida, zizibwe kwa udongo ule ule.

Kuni nazo ni nusu ya jiko. Kuni mbichi huweza kuwa nusu yake maji, na moto wako wote unakwenda kuyakausha maji hayo badala ya kupika. Moshi wake mzito unaganda ndani ya bomba kama lami, na lami hiyo siku moja inashika moto juu ya kichwa chako. Kuni zipasuliwe zisizidi unene wa kifundo cha mkono, zipangwe chini ya paa pasipo na kuta, upepo upite, zikae miezi sita au zaidi. Mvinje ni kuni nzuri sana, matawi makavu ya mkarafuu na muembe pia. Mikoko usiikate, na za msitu wa Ngezi usizisogelee. Vifuu vinatoa moto mkali wa kuanzia. Makumbi yanafuka tu, yaweke mbali. Makonyo, vile vikonyo vya karafuu, yanawasha vizuri na harufu yake inaburudisha, ingawa msimu wa karafuu watu huona bora wayapeleke kiwanda cha mafuta ya karafuu cha Wawi wapate chochote. Mbao za jahazi na magogo yaliyotupwa na bahari usichome kabisa: chumvi iliyomo inakula bomba na moshi wake una sumu. Vivyo hivyo mbao zenye rangi au dawa ya mchwa.

Wapo watakaokwambia mnunulie mama gesi, basi. Sipingi. Serikali ina Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, na lengo ni asilimia 80 ya Watanzania wafikie huko. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 moshi wa majumbani ulichangia vifo milioni 3.2 duniani, na wanaouvuta zaidi ni mama zetu na watoto wanaowakalia karibu. Kwetu gesi ipo, ni ya chai na ya haraka. Lakini maharage, kunde, na masufuria ya futari za Ramadhani bado yanapikwa kwa kuni, na maadamu zinapikiwa, moshi utolewe nje. Jiko lenye dohani linapunguza moshi, haliumalizi. Madirisha yabaki mawili yanayoelekeana, na kwa pumu yake mwache daktari aseme lake. Na seredani ya mkaa isiingizwe chumba cha kulala usiku wa mvua kwa kisingizio chochote. Hewa ya mkaa haina harufu na inaua watu usingizini.

Siku ya kwanza, kabla ya kutia kuni, washa kijiti cha udi ukishike mdomoni mwa jiko. Moshi wake uinamie ndani kama unaovutwa na uzi. Ukisimama au ukirudi nje, bomba bado ni baridi: choma karara kavu moja ya mnazi pale kwenye tawi la chini, bomba litapata joto na kuanza kuvuta. Ikiwa hata hivyo halivuti, kagua kofia na kona kabla ya kulaumu jiko. Kusafisha si kazi kubwa, kumbi lililofungwa kamba na jiwe dogo chini yake, unalishusha kutokea juu mara kadhaa, masizi yanaangukia kwenye tawi. Tunafanya hivyo kabla ya Ramadhani na tena baada ya masika.

Jambo moja hukulitaja. Kimo cha jiko mwachie mama aamue. Wengine wanawajengea wazazi jiko la kusimama kwa sababu ndilo linaloonekana la kisasa, na mzazi amezoea kibago maisha yake yote, magoti yanamtuma kukaa. Mwite apite pale jikoni kabla fundi hajapiga tofali ya mwanzo, akae anavyokaa akipika, na mkono wake aushushe pale anapotaka sufuria iwe. Weka alama ukutani hapo hapo. Pima na sufuria yake kubwa, mduara na kina, pamoja na kimo kutoka sakafu hadi mgongo wa paa, uniandikie hapa vipimo hivyo vitatu. Nitakupa urefu wa bomba na upana wa tundu, inshaallah, kabla hujanunua chochote.