Betri ya Moyo na Mvuvi wa Dagaa

Juzi kijana mmoja wa Muheza kaniandikia: "Shikamoo kaka. Nataka kutengeneza betri ya moyo inayokwenda na mwili wa mtu. Nianzie wapi?" Marahaba. Umenitonesha kidonda. Betri ya moyo, yaani pacemaker, ni kile kifaa kidogo kinachopandikizwa mwilini kuusukuma moyo unaopiga polepole mno.

Miezi minane nilikaa sebuleni kwetu Ngamiani nikilehemu nyaya mpaka mama akakosa pa kuandalia chakula. Kifaa changu kilipunguza mapigo saa nne usiku na kuyapandisha alfajiri, maana moyo hupunguza kasi mtu akilala. Nikajiona mvumbuzi. Kumbe betri za siku hizi mpangilio huo zinao zamani! Siku ya mashindano, jaji mmoja, mama mpole, akauliza: "Na mvuvi wa dagaa je?"

Nikaduwaa. Mimi, mtoto wa Tanga! Baba mdogo anavua, chombo chake kinashusha samaki pale mwalo wa Deep Sea. Siku za giza anakesha baharini na taa, mchana ndio usiku wake. Mbalamwezi ikiwaka, analala kwake kama sisi. Kifaa changu kingemlegeza moyo anapovuta nyavu, kisha kimwamshe mapigo ndio kwanza kajilaza. Ukumbi ulicheka. Sijawasamehe.

Kwa hiyo mdogo wangu, usiulize saa, uliza mwili. Betri ya kwanza kupandikizwa, Stockholm mwaka 1958, ilipiga kasi ileile mchana na usiku, na haikumaliza hata siku. Mgonjwa mwenyewe, Arne Larsson, alitumia vifaa zaidi ya 20 na akaishi hadi 2001. Baadaye vikaja vyenye kihisi cha mtikisiko: ukitembea, mapigo yanapanda. Navyo vinadanganyika. Panda bodaboda kwenye barabara ya mashimo, umekaa kitako, kifaa kinadhani unakimbia. Ndiyo maana vingine hupima na pumzi kifuani.

Lakini kila kipimo kinakula chaji, na chaji ikiisha mtu anarudi kupasuliwa. Vijana hatupendi kusikia hili. Tunakimbilia nyaya kabla ya kukaa na mtu tunayemtengenezea, halafu tunalaumu majaji. Kaeni na watu! Nasema tena, kaeni na watu.

Mimi sasa nimemvalisha baba mdogo saa ya kupima mapigo, mwezi mzima, giza na mbalamwezi. Jana kanirudishia ikinuka shombo, magamba ya dagaa yameganda kwenye mkanda, na usiku wa tatu wote hauna kitu. Aliivua, anasema ilikuwa inanasa nyavuni.