Jezi Moja, Pasipoti Mbili: Maswali Yenu Kutoka Malindi na Lamu

Mwanangu ana miaka 16, baba yake ni Mwitaliano. Ameitwa kambi ya chipukizi wa Italia. Akienda, ndiyo basi na Harambee Stars? (Mzazi, Maweni, Malindi)

La, mama, mwache aende. Kuitwa kambini hakumfungi mchezaji kwa nchi moja, wala kukaa benchi, wala mechi ya kirafiki. Kinachofunga ni kuingia uwanjani katika mechi ya mashindano, hata kwa dakika moja, na mechi za kufuzu zimo humo. Akiicheza hiyo kwa chipukizi wa Italia bado anaweza kurudi, ila itabidi FIFA iombwe ruhusa, na swali la kwanza litakuwa: siku ya mechi ile alikuwa raia wa Kenya? Kwa Katiba ya 2010, mtoto wa mama Mkenya ni raia kwa kuzaliwa, hata akizaliwa Milano. Haki anayo, ushahidi ndio wa kutafuta. Pateni cheti cha kuzaliwa na pasipoti ya Kenya kabla hajapanda ndege, na mhakikishe majina yameandikwa sawasawa kwenye karatasi zote.

Na akishachezea timu ya wakubwa? (Kocha, Faza)

Hapo kamba imekaza. Tangu 2020 FIFA inamruhusu kuhama ikiwa hakucheza zaidi ya mechi tatu za wakubwa (ukishafungwa, hata za kirafiki zinahesabiwa), mechi yake ya mwisho ya mashindano aliicheza kabla ya kutimiza miaka 21, na miaka mitatu imepita tangu mechi yake ya mwisho ya wakubwa. Aliyecheza fainali za Kombe la Dunia au za AFCON hana njia tena. AFCON ya 2027 inakuja hapa kwetu, kwa hivyo kijana mwenye nchi mbili afikiri kabla ya kuvua koti la benchi.

Munir El Haddadi aliichezea Hispania dakika chache tu mwaka 2014, katika mechi ya kufuzu. Alipoitaka Morocco akakataliwa hadi kwenye mahakama ya michezo, akasubiri sheria ibadilike, akaivaa jezi yake 2021. Wilfried Zaha alicheza mechi mbili za England, zote za kirafiki, akahamia Ivory Coast bila kungoja miaka hiyo.

Jambo moja linalosahaulika: ombi hupelekwa na shirikisho la nchi anayoitaka, si na mchezaji wala wakala wake. Na likiwa mezani, haruhusiwi kuchezea timu yoyote ya taifa mpaka lijibiwe.

Bibi yangu (nyanya) alizaliwa Kismayu. Naweza kuichezea Somalia? (Kijana wa Kiunga)

Bibi peke yake hatoshi. FIFA hutaka uraia kwanza. Kuzaliwa kwa bibi huko kunakuondolea tu sharti la kuishi nchini miaka mitano. Kwa hivyo upate pasipoti ya Somalia, pamoja na ushahidi wa mahali alipozaliwa bibi, na hapo ndipo Wabajuni wengi watakwama, maana wazee wetu walizaliwa nyumbani bila cheti. Ukiupata uraia huo, wa Kenya haukutoki, lakini sheria inakutaka uitaarifu serikali ndani ya miezi mitatu.

Nacheza ligi ya Tanzania. Vipi Taifa Stars? (Mlinzi, Langoni)

Kama huna mzazi, bibi wala babu wa huko, uishi Tanzania miaka mitano mfululizo baada ya kutimiza 18, kisha upate uraia. Tanzania haikubali mtu mzima kuwa na uraia mbili. Utaacha wa Kenya. Sisi tusingekushauri.

Nchi gani italeta mkataba mzuri? (Mzazi yule yule, Maweni)

Klabu ya Italia huangalia pasipoti. Kijana mwenye uraia wa Italia husajiliwa kama mchezaji wa Umoja wa Ulaya hata akiwa nahodha wa Harambee Stars. Uingereza ni tofauti: pasipoti ya Italia haimpi tena ruhusa ya kazi, na pointi za ruhusa hiyo huongezeka kwa anayechezea mara kwa mara taifa lililo katika 50 bora za FIFA, ambako Kenya haimo. Divock Origi, mwana wa Mike Okoth wetu, alichagua Ubelgiji akafunga bao Kombe la Dunia 2014. Lakini Ubelgiji ilimchezesha. Mtoto anayeitwa kambini mara tatu bila kuguswa na mpira, aanze kujibu simu za Nairobi.