Hesabu vichwa kwanza, ada baadaye

Dada yangu wa Kasulu, hiyo fomu ya kujiunga iache mezani na usilipe hata shilingi kwanza. Umesema mwanao ana usonji, anamaliza darasa la saba, na umepata shule binafsi ya bweni huku kwetu Tabora ambayo "haijawahi kutoa sifuri", yaani hakuna aliyefeli kidato cha nne. Unataka kujua ada, bweni au kutwa, na kama ni busara kuandika hali ya mtoto kwenye fomu. Ada na bweni tutaongea baadaye, la fomu nitalijibu mwishoni, ila hilo la sifuri ndilo limenitoa kitandani usiku huu.

Kijana wangu naye ana usonji. Anaongea vizuri, hesabu anazipiga, lakini kelele zinamtesa na ratiba ikibadilika ghafla anavurugika siku nzima. Tulipotafuta shule, mwalimu mmoja wa tuisheni, mtu wa ibada kabisa, alinipeleka mwenyewe kwenye shule yenye jina kwa ufaulu. "Pale kuna nidhamu, baba. Pale atanyooka." Baadaye nikajua kila mtoto anayempeleka kuna kitu anawekewa kwenye bahasha. Mungu amsamehe, mimi bado niko kwenye foleni.

Kengele ya ile shule ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mwembe, jirani na dirisha la bweni la kidato cha kwanza. Alfajiri mtu anaigonga kwa nondo. Mwanangu alikuwa anaamka kabla yake, anakaa juu ya deka ameziba masikio, anaisubiri. Patroni akaandika kwenye ripoti: "Haonyeshi ushirikiano asubuhi." Darasani mwalimu akikosea alama ya kutoa, yeye anasema pale pale. Hana kejeli, anasema tu kwamba imekosewa. Fimbo. Nikaenda kuwauliza: kanuni inasema viboko visizidi vinne, achape mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Nikaomba kukiona kitabu. Kikaletwa kipya, kinanuka duka.

Hayo yote nilimeza. Kilichonimaliza ni kidato cha pili.

Upimaji wa kitaifa alifaulu. Narudia, alifaulu, kitaifa alitakiwa aende kidato cha tatu. Januari napeleka ada, naambiwa hakufikisha wastani wa shule. Wastani ambao wameutunga wenyewe ofisini! Wizara imeshakataza mara kadhaa kumkaririsha au kumhamisha mtoto kwa sababu hiyo, lakini wenzetu wana lugha. Hawafukuzi, "wanashauri". Barua yao ninayo: "Tunashauri mwanafunzi atafutiwe mazingira yaliyo rafiki zaidi kwake." Rafiki! Miaka miwili wamekula ada na mchango wa basi ambalo sikuwahi kuliona, ndipo wanagundua kuna mazingira rafiki mahali pengine. Pesa haikurudi. Mtoto alikaa nyumbani muda mrefu, akiona sare za shule barabarani anageuza njia. Nilimwita yule wa tuisheni, akaniambia nimwombee mtoto.

Sasa sikia namna wanavyokosa sifuri. Wanamwondoa anayeelekea kuipata kabla hajasajiliwa mtihani wa kidato cha nne, au wanamsajili kama mtahiniwa wa kujitegemea ili asihesabiwe kwao. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora tangu Januari 2023, lakini mabango barabarani na kalenda ukutani hazijapata taarifa.

Dawa yake ni ya bure na ipo kwenye tovuti ya Baraza. Fungua matokeo ya upimaji wa kidato cha pili ya 2022 ya hiyo shule, hesabu watahiniwa. Kisha fungua kidato cha nne 2024, shule ile ile. Ni watoto wale wale, miaka miwili baadaye. Tofauti ya wachache ni kawaida, kuna wanaohama na kuna waliokariri kihalali. Shule ya kwangu, karibu theluthi ya darasa ilikuwa imeyeyuka. Tazama pia kituo chao chenye namba inayoanza na P, ndiko wanakokaa hao wa kujitegemea; kikijaa ghafla, jiulize. Halafu rudia kwa mwaka mwingine, usije ukaionea shule kwa mwaka mmoja mbaya.

Na ukikuta shule ambayo kidato cha nne ni wengi kuliko walivyokuwa kidato cha pili, hiyo inapokea waliotemwa na wenzake. Matokeo yake yatakuwa ya kawaida, daraja la tatu na la nne nyingi. Mimi ningeanzia hapo.

Kinachoniuma, mimi ni karani wa chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku. Kazi yangu ni marobota mangapi yameingia sokoni na mangapi yametoka. Robota moja lisipoonekana, hakuna anayelala. Watoto theluthi nzima wamepotea kwenye daftari lililo wazi kwa nchi nzima, na mimi nikawa nasoma bango. Mke wangu ananikumbusha kila ada inapokaribia, kwa hiyo msijisumbue kunicheka, nafasi imejaa.

Sasa yuko shule ndogo ya kutwa ambayo wengi hapa mjini hawaijui. Mwalimu wake wa darasa alisomea elimu maalumu hapa hapa Tabora, chuo kikuu cha AMUCTA. Alichofanya ni kumpa kiti cha karibu na mlango na ruhusa ya kutoka kidogo kengele inapokaribia. Basi. Hakuna mradi wala mfadhili.

Hali ya mtoto iandike, usifiche. Anza kwa afisa wa elimu maalumu wa halmashauri yako hapo Kasulu, mtoto apimwe, upate barua. Baraza huwaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalumu, lakini anayepeleka taarifa za mtahiniwa ni shule. Ile ya kwangu ya kwanza walinijibu, "Sisi hatuna walemavu hapa." Shule ikiiona barua ikaanza kujikuna, imekuokolea pesa.

Jina la hiyo shule nitumie PM sasa hivi. Niko macho na bando lipo, nahesabu mwenyewe.