Kabla ya kulaumu goti, tazama siti

Kwa miaka mitatu nilikwenda kazini Pongwe kwa baiskeli ya mtumba, zile za Kijapani zenye kikapu mbele, na kila jioni nikirudi Tanga mjini magoti yanawaka. Nikasema ni umri.

Siku moja nilipeleka pancha kwa fundi, Ngamiani. Naondoka, akaniita. "Mwanangu, hiyo siti umemwekea nani? Magoti yanakugonga kidevu!" Kweli, nilikuwa nimeishusha makusudi ili nikisimama nikanyage chini kwa miguu yote miwili. Naona wengi wetu tunafanya hivyo.

Kipimo alichonipa ni hiki: egemea ukuta, kaa, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke. Ukikanyaga sasa kwa sehemu ya mbele ya unyayo, goti litabaki limekunjika kidogo tu. Nyonga zikianza kuyumba huku na huku, umepandisha mno. Na bomba la siti huwa na alama. Alama ikionekana, rudisha chini. Langu lilikuwa limeng'ang'ania kwa kutu. Alilidondoshea mafuta ya taa, nikanywa kahawa vikombe viwili ndipo likakubali kuzunguka.

Kilichonisumbua baadaye ni kusimama, maana miguu haifiki chini. Usisimamishe baiskeli ukiwa bado umekaa kwenye siti. Shika breki, toka kwenye siti uje mbele, mguu mmoja kwenye pedali ya chini, mwingine ndio ukanyage ardhi. Nilijifunza uwanjani alfajiri, kabla watoto hawajaamka wakanicheka.

Gia nzito nayo tunaipenda bure, hasa wanaume. Weka nyepesi, miguu izunguke upesi bila kusukuma kwa nguvu. Kusi likivuma mwezi wa Julai ndipo utaelewa: nikirudi mjini linanijia usoni, basi nakunja viwiko, nainama, nashusha gia na kukubali kuchelewa. Mwenye Phoenix isiyo na gia hana la kushusha ila mwendo.

Upepo wa tairi kagua kila wiki. Pampu yako mwenyewe inalipa haraka.

Jumapili iliyopita nilizunguka hadi Raskazone na kurudi, sina ninachofuata. Mke wangu akauliza nimetumwa na nani.