Kuigiza msiba wa wengine

Swali: Kikundi chetu cha Kadutu, Bukavu, kinaigiza maneno halisi ya Batwa, wenyeji wa asili wa misitu ya Kongo, walioondolewa msitu wa Kahuzi-Biega miaka ya 1970. Mama mmoja anasimulia mtoto aliyemzika. Mwigizaji wetu analia kwelikweli, lakini watazamaji hawaguswi. Tunakosea wapi?

Jibu: Mwigizaji akilia, amemnyang'anya mama yule kilio chake, na mtazamaji habakiwi na kazi. Mwenye msiba mara nyingi husimulia kwa sauti kavu huku mikono ikichambua maharage. Igeni mikono hiyo.

Rudini kwenye rekodi. Andikeni kila "eeh", kila kikohozi, na kila kimya kwa sekunde zake. Saa moja ya sauti huchukua saa nne hadi sita kuandika. Kisha kateni mpaka zibaki dakika tano hadi nane. Kukata ni halali, kuongeza neno si halali. Mwigizaji ajifunze kwa spika za masikioni, pumzi kwa pumzi, kabla ya kushika karatasi.

Mvua ikipiga mabati, acheni kurekodi, maana mtapoteza minong'ono, na humo ndimo uchungu ulimo.

Ruhusa iombwe mara mbili: kabla ya kurekodi, na baada ya msimulizi kusikia kipande kilichokatwa. Akisema jina la marehemu liondolewe, liondoeni, hata kama ni jioni ya onyesho. Onyesho la kwanza lipelekeni kwao kijijini, mjini baadaye. Na tangazo lenu liandike Batwa. "Mbilikimo" ni tusi.